Anayerudi kwa Kristu Abishe Hodi Wapi?

Liko neno moja linalosikika sana siku hizi katika miji yetu, hata katika vijiji vya mbali. Mtu alibatizwa katika Eklezya Katolika, akapokea Komunyo na Kipaimara, kisha akaacha. Pengine alifuata wahubiri wengine. Pengine hakufuata mtu, alikaa tu miaka 10 au 15 bila sala. Halafu taabu ilimgusa, au tuseme neema ilimgusa, na moyo wake ukaamka. Sasa anawaambia jirani zake: «Nimemrudia Yezu. Natafuta kanisa la kusalia.»

Nusu ya kwanza ya neno hilo ni habari njema. Yezu mwenyewe alifundisha kwamba mbinguni kuna furaha kubwa kwa ajili ya mkosefu mmoja anayetubu. Nani atanuna duniani, malaika wakifurahi mbinguni? Lakini nusu ya pili inatutia mashaka. Mtu huyu anafikiri kwamba Kristu ni jambo moja, na kanisa ni jambo jingine, kama nguo inayochaguliwa sokoni. Anajaribu hii, inambana mabegani. Anajaribu ile, bei yake ni kubwa. Jumapili hii yuko huku kwa sababu ya nyimbo. Jumapili ijayo yuko kule kwa sababu mhubiri anaombea wagonjwa. Mwaka unaisha, naye bado yu njiani, amechoka, na mfuko wake ni mtupu.

Twataka kumjibu mtu huyo kwa upendo, lakini waziwazi: aliyebatizwa hana nyumba ya kutafuta, anayo nyumba ya kurudia. Tena twataka kuwaambia Wakristu wenzetu neno la pili, nalo litawachoma: yule anayemfungia mlango mtu wa namna hiyo anakosa sawasawa na yule anayembatiza mara ya pili. Makosa hayo mawili ni mapacha. Yote mawili yanadharau Ubatizo.

Kanisa na Eklezya

Katika Kiswahili cha misioni zetu tuna maneno mawili, na inafaa tuyatunze. Kanisa ni nyumba ya matofali, yenye paa na kengele. Eklezya ni watu wa Mungu waliokusanywa na Kristu, wanaochungwa na waandamizi wa Mitume, yaani Papa na maaskofu pamoja naye. Nyumba ya matofali yaweza kutafutwa: ukihama kutoka Uvira kwenda Lubumbashi, utauliza kanisa la karibu liko wapi, na saa ya Misa ni ipi. Eklezya haitafutwi hivyo. Mtu haingii ndani yake kwa kuchagua viti na nyimbo. Anaingia kwa kuzaliwa, na kuzaliwa huko ndiko Ubatizo.

Aliyezaliwa amekwisha kuzaliwa. Mwana aweza kuwatukana wazazi wake, aweza kukaa kwenye migodi miaka 20 bila kutuma hata salamu, aweza kulikana jina la ukoo wake mbele ya watu. Siku atakaporudi, mama yake hatamzaa tena. Atampikia.

Wanaosema Ubatizo wa kwanza si kitu

Tazama basi yanayompata huyo anayetafuta. Baada ya mwaka 1990, serikali ya Zaire ilipolegeza mkono wake, makundi ya sala yalizidi kwa wingi katika nchi yetu. Leo barabara moja ya mji yaweza kuwa na makundi matano au sita, kila moja na mchungaji wake na vipaza sauti vyake. Hatusemi kwamba wanaosali humo ni watu wabaya. Wengi wanampenda Kristu kwa moyo, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, ulitufundisha kuwaita ndugu wale wote waliobatizwa kweli katika Kristu. Lakini upendo hautuzuii kusema lililo kosa.

Mtafutaji anafika. Wanamkaribisha kwa makofi, wanamwuliza jina lake, wanamketisha mbele. Kisha wanamwambia kwamba maji aliyomwagiwa alipokuwa mtoto hayakuwa kitu; kwamba hakujua anachofanyiwa; kwamba sharti ashuke mtoni azamishwe, ndipo awe Mkristu. Naye, kwa kuwa ana kiu ya kuanza upya, anakubali. Miezi inapita, ugomvi unaingia, kundi linagawanyika. Anahamia jingine, na huko nako wanataka kumzamisha. Ubatizo wa namna hiyo umekuwa kama kadi ya chama: kila chama kina kadi yake, na ya jana haina kazi leo.

Sisi twauliza: nani aliyekubatiza siku ile ya kwanza? Mkono ulikuwa wa padri, pengine wa katekista wa kijiji, pengine wa mkunga aliyekuona unakufa. Lakini aliyebatiza ni Kristu mwenyewe. Ukisema kwamba tendo lile lilikuwa bure, dharau yako haimfikii padri. Inamfikia Kristu, kana kwamba alitoa neno lake, nalo likaanguka chini. Kweli, ulikuwa mtoto na hukujua. Je, ulijua ulipozaliwa? Ulijua mama yako alipokunyonyesha? Mungu hakungoja ujue ndipo akupende.

Ndiyo maana Sheria ya Eklezya ya mwaka 1983, katika kanuni ya 845, inakataza kurudia Ubatizo, Kipaimara na Daraja Takatifu, kwa kuwa sakramenti hizo zinatia rohoni alama isiyofutika. Sisi wenyewe tunafungwa na sheria hiyo. Mprotestanti aliyebatizwa kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, akitaka kuwa Mkatoliki habatizwi tena, isipokuwa kuna sababu kubwa ya kuutilia mashaka ubatizo ule. Basi hatuwadai wengine jambo tusilolitenda sisi.

Ugomvi wa kale katika Afrika

Watu hudhani kwamba mambo haya ni mapya. Sivyo. Yaligombaniwa katika Afrika yetu zaidi ya miaka 1700 iliyopita, huko Kartago, karibu na mji uitwao leo Tunis.

Mwaka 250, Decius, mfalme wa Roma, aliamuru watu wote watoe sadaka kwa miungu, na kila aliyetoa apewe hati ya kumshuhudia. Hati za namna hiyo zimefukuliwa katika mchanga wa Misri, nazo zasomeka hata leo. Wakristu wengine walikataa, wakateswa. Wengi waliogopa. Wengine walifukiza ubani mbele ya sanamu; wengine wenye fedha walinunua hati bila kutoa sadaka, wakadhani wameponyoka. Mateso yalipopungua, watu hao waliona haya, wakalia, wakaja kubisha hodi kwa Eklezya.

Hapo watu waligawanyika. Wengine walitaka walioanguka warudishwe mara moja bila malipizi, kana kwamba hakuna lililotokea. Huko Roma, padri aitwaye Novasiano alisema kinyume: hao wasirudishiwe amani kamwe. Mwaka 251 alijifanya askofu ili kumpinga Papa Korneli, akaunda kundi lake la watu wanaojiita safi.

Askofu wa Kartago, Mtakatifu Sipriano, alizikataa njia zote mbili. Mwaka huo huo wa 251 alikusanya maaskofu wa Afrika, nao wakaamua kwamba mlango uwe wazi, lakini mtu aupitie kwa toba: kosa la kila mmoja lipimwe, na malipizi yalingane na kosa. Baadaye kidogo, walipoona mateso mengine yanakaribia, waliwafupishia wenye kutubu malipizi yao, wakawapa Ekaristia, ili wasiende vitani bila silaha.

Sasa lishikeni jambo hili, ndugu wasomaji. Novasiano yule aliyewafungia mlango walioanguka, ndiye pia aliyewabatiza mara ya pili Wakatoliki waliomfuata. Mkono mmoja ulifunga mlango, mkono mwingine ulirudia Ubatizo. Si ajabu. Anayedhani kwamba dhambi yaweza kuufuta Ubatizo hana budi kutenda mojawapo: atamfukuza mkosefu kama mtu asiye ndugu tena, au atambatiza kama mtu ambaye hakuwa ndugu tangu mwanzo.

Hata Mtakatifu Sipriano alikosea upande mmoja. Alifundisha kwamba ubatizo uliotolewa na wazushi si kitu, na Papa Stefano akamkatalia. Sipriano alikufa shahidi mwaka 258, na Eklezya inamheshimu kati ya watakatifu wake, lakini katika neno hili ilifuata Roma. Mwaka 314 maaskofu waliokusanyika Arles, katika nchi ya Ufaransa ya leo, waliwaagiza Waafrika waache desturi ya kubatiza upya. Hata hivyo Wadonati, waliojitenga na Eklezya katika Afrika ya Kaskazini, waliendelea kuwabatiza tena Wakatoliki.

Aliyewajibu kwa nguvu ni Mwafrika mwingine, Mtakatifu Agustino, askofu wa Hippo, mji ulioko katika Algeria ya leo. Aliwapa mfano wa askari. Zamani zile askari wa Roma alitiwa chapa mwilini. Akitoroka vitani, chapa inakwenda naye, inamshtaki. Akirudi na kuomba msamaha, mkubwa wake hamtii chapa ya pili; anaitambua ile ya kwanza, anamrudisha katika kikosi. Ndivyo ulivyo Ubatizo. Ndugu uliyetoroka, chapa ya Kristu ingali rohoni mwako. Ulikokwenda ilikuwa nawe, na ndiyo inayokusumbua usiku ukikumbuka sala ya mama yako.

Mlango unaofungwa kutoka ndani

Mpaka hapa, Wakatoliki wengi wanaosoma wanaitikia kwa vichwa. Wangoje kidogo.

Tuseme mtu yule amesikia neno letu. Ameacha kutangatanga, amekuja Jumapili saa ya Misa. Nani anampokea? Aliyeketi karibu naye anasogea pembeni. Mama mmoja anamnong'oneza mwenzake kwamba huyo ndiye aliyetukana rozari mbele ya watu. Baada ya Misa anakwenda kwenye ofisi ya parokia, na neno la kwanza analoulizwa ni kadi: kadi yako iko wapi, na zaka hukulipa miaka mingapi? Anahesabiwa deni la miaka 12. Katika shirika la mtaa wake wanamwambia akae nyuma kwanza, «tumwangalie». Miezi sita inapita, bado wanamwangalia. Wakati huo wote mchungaji wa barabarani amekwisha kumtembelea mara nne, akijua hata jina la mtoto wake mgonjwa.

Akiondoka tena, tutasema: «Mwaona? Hakuwa na imani.» Ndugu, tendo hilo ni la Novasiano, hata kama aliyelitenda ana skapulari shingoni.

Tusidanganyane juu ya fedha. Ni wajibu wa Mkristu kuitegemeza Eklezya yake. Mabati ya paa na chakula cha mapadri havishuki kutoka mawinguni. Lakini sakramenti si bidhaa, na mwenye kutubu si mdaiwa wa duka. Kanuni ya 848 yasema kwamba anayetoa sakramenti asidai kitu kupita sadaka iliyowekwa na wenye mamlaka halali, tena aangalie daima maskini wasikose msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Kanuni ya 1181 yawalinda hivyo hivyo katika kufa: maskini wasinyimwe maziko yanayofaa. Basi kiongozi anayesimama mlangoni na kusema: «Hakuna kadi, hakuna padri», amechukua wapi sheria hiyo? Roma haikuiandika. Maiti ya maskini ikikaa juani kwa sababu ya deni la zaka, majirani wasio Wakatoliki wanatazama, na kila mmoja anajifunza dini yetu kwa kutazama huko.

Wengine watasema: «Tukimpokea upesi, watu wataicheza dini. Leo anatoka, kesho anarudi, kesho kutwa anatoka tena.» Hofu hiyo ina maana, nayo ndiyo iliyomfanya Sipriano adai toba. Lakini toba inapimwa na padri katika maungamo; jirani hana mizani hiyo katika uwanja wa kanisa. Petro alimkana Bwana mara tatu katika usiku mmoja. Yezu hakumbatiza upya, wala hakumweka nyuma amwangalie. Alimwuliza mara tatu kama anampenda, akamkabidhi kondoo wake. Tungekuwa pale sisi, na vitabu vyetu vya madeni, Petro angepewa kazi gani?

Wahenga walisema kwamba kiganja kilichonyewa na mtoto hakikatwi. Chaoshwa.

Maneno ya wanaositasita, na majibu yake

«Niliondoka kwa sababu ya matendo ya padri mmoja.» Yawezekana uliumizwa kweli. Aliyekuumiza atatoa hesabu mbele ya Mungu, na kosa lake likiwa ni la kupelekwa mahakamani, atoe hesabu mbele ya sheria za nchi pia. Anayekuambia unyamaze ili kulinda heshima ya Eklezya hailindi. Lakini usimwache Kristu kwa sababu ya Yuda. Eklezya hii yenye wakosefu ndiyo ile ile ya Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyebaki na watu wake Bukavu vita vilipoingia, akauawa humo tarehe 29 Oktoba 1996.

«Dini ya Katoliki ni ya wazungu.» Sipriano na Agustino walikuwa maaskofu katika Afrika wakati watu wengi wa Ulaya ya Kaskazini hawajasikia jina la Kristu. Na huku kwetu, Stefano Kaoze alipewa upadri huko Baudouinville, ambako leo ni Kirungu ya Moba, mwaka 1917. Ni zaidi ya miaka 100 sasa. Isidori Bakanja alipigwa vikali, akafa kwa majeraha hayo mwaka 1909, kwa sababu alikataa kuvua skapulari yake, na aliyeamuru apigwe alikuwa mzungu. Sista Anuarite aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964. Hao wawili Eklezya imewatangaza wenye heri. Anayeiita imani yao mali ya wazungu anawanyang'anya damu yao.

«Kule niliombewa, nikapona.» Kama ulipona, mshukuru Mungu, maana uponyaji wote watoka kwake. Lakini mti hutambuliwa kwa matunda, na baadhi ya matunda tumeyaona. Kuna wahubiri waliomshika mtoto mdogo, wakamwita mchawi, wakamnyima chakula na kumpiga, wakisema wanamfungua. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 41, imekataza watoto kutupwa na kutendwa vibaya, na kati ya mabaya hayo imetaja kuwasingizia uchawi. Mahali ambapo uponyaji wa baba unalipiwa kwa machozi ya mtoto, Yezu hayupo katika biashara hiyo.

«Nilikwisha kubatizwa tena kule, sasa nimeharibika.» Hapana. Maji ya pili hayakuyaondoa ya kwanza. Ulikosa, ungama kosa hilo pamoja na mengine, ukae na amani.

«Ndoa yangu si ya kanisani, sitapokelewa.» Hilo ni jiwe zito kwa wengi, nasi hatutasema kwamba ni jepesi. Ndoa nyingine zaweza kutengenezwa kwa muda mfupi. Nyingine zahitaji kupelekwa kwenye mahakama ya askofu. Nyingine zina fundo ambalo halifunguki upesi. Padri atakuambia ukweli. Lakini sikiliza: kutopokea Komunyo si sawa na kufukuzwa nyumbani. Papa Yohane Paulo II, katika barua yake ya mwaka 1981 juu ya jamaa za Kikristu, aliwaambia hata walioachana na kuoa tena wasijione kwamba wametengwa na Eklezya. Waje Misa, wasikilize Neno la Mungu, wasali, walee watoto wao katika imani, wawasaidie maskini. Njoo basi, uketi mezani pa Neno, na neno la ndoa lifuate njia yake.

«Yezu yuko popote, nitasali nyumbani peke yangu.» Sali nyumbani, ni vema. Lakini nani atakuondolea dhambi huko? Nani atakupa Mwili wa Bwana, na kukupaka mafuta siku ya kufa? Tena mkumbuke Mtume Toma. Siku ile Bwana alipowatokea wenzake, yeye hakuwapo, wala hakusadiki waliyomwambia. Baada ya siku nane alikuwa pamoja nao katika nyumba, na hapo ndipo alipomwona Bwana. Alimwona katikati ya wale wale aliokataa kuwasadiki.

Basi, tufanyeje?

Wewe unayerudi, usingoje mpaka uwe na nguo nzuri wala fedha za madeni. Jumapili hii nenda Misa, ukae popote. Kisha mwendee padri. Mwambie waziwazi ulikokuwa: kama uliacha tu kusali, au kama uliingia dini nyingine mbele ya watu, maana katika neno la pili kuna mambo ambayo padri hana budi kuyatengeneza kwa uwezo aliopewa na askofu. Ungama. Omba upewe mafundisho tena, bila haya. Wazee wetu wa kando ya ziwa Tanganyika walingojeshwa muda mrefu, kwa sababu Kardinali Lavigerie aliwaagiza Mapadri Weupe wasibatize watu wazima kabla ya miaka 4 ya kufundishwa, isipokuwa katika hatari ya kufa. Walichokingoja miaka 4, wewe ulipewa utotoni bila kungoja. Tumia sasa miezi michache kujua ulichopewa.

Usihangaike kama huna karatasi. Kila parokia ina kitabu cha Ubatizo. Na kama vita viliteketeza vitabu vya misioni yenu, kama ilivyotokea mahali pengi, kanuni ya 876 imeona shida hiyo: kama neno hilo halimdhuru mtu yeyote, shahidi mmoja anayeaminika anatosha kuthibitisha Ubatizo wako. Mtafute mama yako wa ubatizo. Mtafute mzee aliyekuwapo.

Ninyi wa shirika, kumbukeni kwa nini mliundwa. Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo waliamua kwamba uhai wa Kikristu ukae katika jumuiya ndogo, karibu na nyumba za watu, kwa sababu padri mmoja hawezi kuwajua wote. Padri hajui ni nani katika barabara yenu aliyeacha kusali. Ninyi mnajua. Mnajua mlango wake, mnajua msiba uliompata, mnajua hata siku aliyoacha. Basi watu wawili wamwendee wiki hii, si kwa kumhukumu, wala kwa kumhesabia zaka. Wamsalimu, waulize habari za watoto, wamwambie saa ya sala. Akija, aliye karibu asogee ili kumpa nafasi ya kukaa. Apewe kazi ndogo mapema: kusoma Neno, kufagia, kumtembelea mgonjwa. Mambo ya mchango aambiwe baadaye, kwa kiasi cha uwezo wake, kama ndugu anavyoambiwa mambo ya nyumbani.

Nanyi viongozi wa parokia mnaoshika funguo na vitabu, fungueni siku moja kile kitabu kikubwa cha Ubatizo. Pitisheni kidole katika majina. Huyu amekufa katika imani, huyu ni katekista, huyu yuko mbali na hatujui analala wapi. Jina lake halikuandikwa kwa kalamu ya risasi ili lifutwe siku ya hasira. Liliandikwa kwa wino, katika ukurasa ule ule ulio na majina yetu, na mwenye kitabu ni Kristu. Atakapotuuliza habari za jina hilo, tusije tukamjibu kwamba tulimzuia mlangoni kwa sababu hakuwa na kadi.